Ahadi Aliyopewa Fundi

Fundi alipofariki, mke wake alipewa pole za kila aina, na zote alizipokea kwa adabu. Watu wakala, wakaimba, wakarudisha viti vya kukodi, wakaenda zao. Alipofunga mlango na kugeuka ndipo alipolikuta swali limekaa sebuleni kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Fundi yuko wapi?

Tusimcheke. Mimi na wewe tungejibu kwamba yuko makaburini, mstari wa tatu, karibu na ukuta, na tungeendelea na shughuli zetu. Lakini huyu mama alikuwa ameuguza watoto wachanga kwa miaka thelathini na mitatu kabla ya kustaafu, na kifo alikifahamu kama mpishi anavyofahamu moshi. Makaburi hayakuwa jibu kwake. Alitaka kujua habari ya baada ya hapo, na alitaka kuijua kwa hakika.

Hospitalini walimwita Mama Wodi, na jina hilo lilimganda hata mtaani. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye mikono ya joto. Wauguzi wadogo walimwogopa na kumpenda kwa kipimo kimoja. Pamoja na sindano na vipimo, kulikuwa na jambo moja alilowafundisha wale waliokuwa Wakristo wenzake. Kanisa lao lina utaratibu kwamba mtu akiwa anakufa na padri yuko mbali, muumini yeyote anaweza kumbatiza. Wazazi wakiomba, basi, unachukua kikombe kidogo, maji yaliyochemshwa yakapoa lakini yasiwe baridi, kwa sababu mtoto anayekufa naye hapendi kushtuliwa. Unamwagia kichwani kidogo, unataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, halafu unapeleka habari kwa padri ili aandike kwenye kitabu cha parokia. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba kikombe chake kilikuwa na mahali pake kabatini, na ole wako ukinywea chai.

Mume wake alikuwa fundi bomba wa hospitali hiyohiyo. Hakuwa na imani. Simaanishi kwamba alikuwa mlevi au mtukanaji wa dini, maana watu wakisikia mtu haamini hukimbilia kudhani hayo. Fundi hakuwa na makuu wala kelele. Mwaka ule pampu ilipoungua, alibeba ndoo za maji ngazi hadi ngazi kwa siku tatu ili kina mama waliojifungua wasikose maji ya kuoga, na mabega yake yakachubuka kama ya punda. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe kanisani, akakaa kwenye benchi la nje akisoma gazeti, na ibada ilipokwisha akamrudisha nyumbani. Miaka ishirini na tisa alifanya hivyo. Mvua ikinyesha alisogea chini ya paa la baraza.

"Ingia basi, utalowa," mkewe alikuwa akimwambia.

"Mlango nauona, mke wangu. Ila mimi sisaini kazi ambayo sijaikagua."

Na alikuwa na utani wake. Akimwona mkewe amerudi kazini na macho mekundu, akajua leo kuna mtoto amebatizwa na kuzikwa, alimwekea chai mbele yake na kumwambia, "Hayo maji yenu ya mbinguni yote yamepita kwenye bomba langu. Siku nikifunga koki tutaona nani ataokoka." Mama Wodi alicheka huku analia. Hawakujaliwa mtoto, na chai ile ya Fundi ndiyo iliyomvusha siku nyingi ambazo zingemshinda.

Halafu Fundi akaugua ini. Alilazwa katika jengo ambalo kila bomba lake alilijua kwa mkono, kitanda kimewekwa hatua mbili kutoka kwenye sinki. Siku moja, akili yake ikiwa bado timamu, alimwita mkewe akae karibu.

"Nakujua," alimwambia. "Siku nikizima, utakifuata kile kikombe chako."

Ndivyo hasa Mama Wodi alivyokuwa amepanga.

"Usinifanyie. Mtu habebwi mbinguni kama gunia la mkaa. Kama yupo, nitaongea naye mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima. Niahidi."

Mama Wodi alikuwa amemshika mkono, na kwa mazoea ya kazi akajikuta anahesabu mapigo ya moyo. Yalikuwa ya haraka. Fundi alikuwa anaogopa, na alichokiogopa si kifo. Aliogopa kufanywa kitu asichokitaka wakati hana nguvu ya kukataa.

"Nakuahidi," akasema.

Akaitimiza. Siku kumi na moja alikaa kwenye kile kiti, sinki iko pale, maji yako pale, na mgonjwa mara anazama mara anaibuka. Hakunyanyuka. Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, nesi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake alimsihi aende nyumbani akaoge na kubadilisha nguo. Aliporudi saa tisa alikuta shuka limevutwa mpaka juu. Wengine walimwambia ndivyo wanavyofanya wagonjwa, wanasubiri mtu wao atoke. Alishukuru, lakini hakuamini.

Basi, hapo ndipo lile swali lilipopata meno. Maana kama wasemayo wengi kanisani kwake ni kweli, Fundi amepotea, na mtu aliyeweza kumwokoa kwa kikombe kimoja cha maji ni yeye, na hakumwokoa, ati kwa sababu alitoa neno lake. Ahadi ni deni, sawa. Lakini nani aliyewahi kusikia deni la namna hii?

Miezi ikaenda. Alikuwa bado anapika chakula cha watu wawili, anakula nusu na nusu nyingine anaitazama. Redio aliiacha wazi kutwa nzima ili nyumba isikie sauti ya mwanamume, hata kama mwanamume mwenyewe anasoma bei za mazao. Jioni jirani walipita wakimsalimia dirishani, "Mama, hujambo?" naye akajibu hajambo, na hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yake ya siku.

Kanisani ikafika Jumapili ya kuwaombea marehemu, ambapo majina husomwa moja moja mbele ya watu. Mama Wodi akaandika jina la mume wake kwenye karatasi na kulipeleka. Katekista akalisoma, akavua miwani, akalikata kwa mstari mmoja.

"Mama yangu, hii orodha ni ya waamini."

"Alikuwa mtu mwema."

"Wema wake hauna ubishi. Choo cha nyumbani kwangu ni yeye alinitengenezea, na mpaka leo hakijaziba." Katekista hakuwa mtu mbaya, na macho yake yalionyesha kwamba kazi hii haimpendezi. "Lakini mlango ni mmoja, Mama. Yeye alikaa nje miaka yote hiyo kwa hiari yake. Nilikuwa namsalimia pale kwenye benchi. Niseme nini?"

Akampigia simu mdogo wake wa kike, aliyehamia kanisa lingine la watu wenye hakika na kila kitu. Mdogo wake alimfariji kwa njia yake. "Dada, usijitese. Huko mbinguni tutasahaulishwa wote waliokosekana, ili tusilie. Hutakumbuka hata kama uliwahi kuolewa."

Mama Wodi akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tangu siku hiyo akaanza kuiogopa mbingu. Aliiona kama wodi kubwa, safi, yenye vitanda vilivyotandikwa vizuri, na yeye anatembea humo akitabasamu na hajui anamtafuta nani.

Ndipo akaenda kwa padri. Padri alikuwa mtu wa makamo, mwenye kikohozi kisichoisha na meza iliyojaa makaratasi, na alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kanisa letu halisemi kama anavyosema katekista," alimwambia. "Wapo watu ambao hawakumjua Mungu, lakini walifuata dhamiri zao kwa moyo mweupe. Mungu hawatupi hao."

"Fundi alimjua, Padri. Nilimtajia asubuhi na jioni. Hakuwa mtu wa porini asiyesikia habari."

Padri akakuna kidevu. "Kulisikia jina siyo kumjua mwenye jina. Huenda sisi ndio tuliomzibia njia. Mimi na mahubiri yangu marefu."

"Kwa hiyo yuko mbinguni?"

"Natumaini."

"Kutumaini natumaini hata mimi. Nimekuja kutafuta kinachozidi hapo."

"Kinachozidi hapo sina, Mama Wodi. Ningekuwa nacho ningekupa leo hii."

Alimheshimu kwa kusema kweli, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa nane tangu mazishi, Jumapili mchana, yule nesi akaja. Alikuja na mfuko wa matunda, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Amehamishiwa hospitali nyingine, alisema. Anaondoka kesho. Mama Wodi akamtengenezea chai, akafurahi kupata mtu wa kumtengenezea. Wakaongea habari za wodini, nani kaolewa, nani kagombana na daktari. Kisha nesi akaweka kikombe chini.

"Mama, nimesikia jina la Baba lilikatwa kanisani."

"Limekatwa."

"Siwezi kuondoka na hili moyoni." Akaanza kulia kabla hajasema. "Halikustahili kukatwa. Nilimbatiza."

Mama Wodi hakuelewa. Kwa kweli alidhani amesikia vibaya, akamwomba arudie, na nesi akarudia neno lilelile. Siku ile, Mama Wodi alipokwisha kuondoka kwenda kuoga, hali ya Fundi ilibadilika ghafla. Pumzi ikawa ile wanayoijua wauguzi. Nesi akatuma mtu amfuate Mama Wodi nyumbani, mtu huyo akapishana naye njiani. Akaona mgonjwa anakwenda, mke hayupo, padri hayupo. Akasema moyoni, huyu ni mume wa mwalimu wangu, mwalimu wangu amechoka mpaka amesahau, acha nimfanyie mimi. Akachukua kile kikombe cha kabatini.

Furaha ilimpanda Mama Wodi mpaka kooni. Nisiseme uongo kwa niaba yake, ilikuwa furaha tupu. Kwa muda wa pumzi mbili tatu Fundi alikuwa ameokoka, ahadi haikuvunjwa na yeye, na Mungu alikuwa ameizunguka ile ahadi kama maji yanavyozunguka jiwe. Akamshika nesi mikono yote miwili.

"Alikuwa amezimia?" akauliza. Ni swali la kiuuguzi tu, lilimtoka lenyewe.

Nesi akainamisha kichwa. "Hapana, Mama. Ndiyo maana nimekaa kimya miezi yote hii. Alifumbua macho akaona kikombe. Akaniuliza, 'Ni yeye amekutuma?'"

Redio ilikuwa inasoma bei za mahindi.

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema ndiyo."

Mama Wodi akaiachia mikono yake.

"Nilidhani nikisema hapana atakataa. Na wewe ungelia maisha yako yote."

"Nalia hata hivyo," Mama Wodi akasema. "Halafu? Sema yote."

"Akafumba macho muda mrefu, nikafikiri ameshaondoka. Halafu akasema, 'Maskini, kumbe imemshinda.' Akaniuliza kama maji ni ya lile bomba pale. Nikamwambia ndiyo. Akatabasamu kidogo. Akageuza kichwa mwenyewe, Mama, upande wa kikombe. Akasema, 'Haya. Kama ni yeye, mwaga.' Nikamwaga. Hakusema neno tena."

Kuna uchungu ambao hauna pa kulalia. Ukilala upande huu unachoma, ukigeuka unachoma. Mume wake alikufa akiamini kwamba mkewe amevunja neno lake. Aliamini hivyo, na hakukasirika. Alimwonea huruma. Alichokikataa maisha yake yote, kwa sababu ya unyofu tu, alikikubali dakika ya mwisho ili mkewe apate usingizi, na mkewe hakuwa amekiomba. Siku kumi na moja alizokaa kwenye kiti bila kunyanyuka, Fundi hakuzijua.

"Mama, nilikosea?" nesi akauliza. Alikuwa na miaka ishirini na sita na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja chungu.

Mama Wodi alitaka kumwambia maneno. Alikuwa nayo, makali, yamejipanga. Mtu mzima habatizwi mpaka atake, nilikufundisha. Mtu anayekufa hadanganywi, hilo sikuhitaji kukufundisha. Lakini alimtazama, akamwona binti aliyemwaga maji kwa kumpenda yeye, kwa kikombe chake yeye, kwa namna aliyofundishwa na yeye.

"Maji yalikuwa ya vuguvugu?" akamwuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi. Kunywa chai yako, inapoa."

Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwa padri kabla mlango haujafunguliwa. Alimweleza yote bila kuficha. Padri akakohoa, akanyanyuka, akakitoa kabatini kile kitabu kikubwa chenye ngozi iliyochanika pembeni, akakifungua ukurasa wenye nafasi, akashika kalamu.

"Lazima nikuulize jambo moja," alisema. "Alitaka?"

Mama Wodi akakitazama kitabu. Majina ya watoto aliowabatiza yalikuwa humo, karibu yote, na mengine alikuwa ameyachagua mwenyewe. Hapa ndipo alipotaka kufika miezi yote ile. Jina likiandikwa, katekista atalisoma kwa sauti mwaka ujao, apende asipende. Kaburini utawekwa msalaba. Mdogo wake atafunga mdomo. Akisema ndiyo moja tu, ataacha kuiogopa mbingu.

"Hakutaka maji, Padri," akasema. "Alitaka mimi nisihuzunike."

Padri akatua kalamu, lakini hakufunga kitabu.

"Nikwambie kitu ambacho sikihubiri," alisema. "Wengi niliowaandika humu walitaka kidogo kuliko hicho. Wapo waliotaka cheti cha shule. Wapo waliotaka kuoa. Mtu aliyegeuza kichwa chake mwenyewe kwa ajili ya mwenzake, mimi mkono wangu hautatetemeka kumwandika. Uamuzi nakuachia wewe."

"Usiandike."

"Mama Wodi..."

"Nilimwahidi."

"Lakini amekufa akiamini ahadi imevunjwa."

"Ndiyo sababu." Akakisukuma kitabu upande wa padri. "Alikufa anadhani mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikisema uandike, nitakuwa mtu wa namna hiyo kweli."

Padri alifunga kitabu polepole. Alimwuliza kama angependa waombe pamoja, naye akasema asante, ataomba nyumbani. Padri akamsindikiza mpaka barazani. Akasimama pale akimwangalia anavyotembea peke yake kwenye njia ambayo kwa miaka ishirini na tisa aliipita na mtu ubavuni, na inasemekana siku hiyo padri alikosa hamu ya chakula cha mchana.

Nyumbani Mama Wodi alizima redio. Akapiga magoti kando ya kitanda, upande wake, kama alivyofanya kila siku tangu utoto. Miezi minane sala yake ilikuwa moja, mpokee, Bwana, mpokee, na alikuwa ameirudia mpaka maneno yamechakaa. Leo alipofungua kinywa hayakutoka. Alikaa pale kwa muda mrefu, magoti yanauma, nyumba kimya, jua limejaa dirishani. Hakuwa na la kuuliza tena kuhusu mahali. Mungu anajua alipomweka, na kama ni Mungu anayestahili kuitwa hivyo, atakuwa amemwona yule mtu akigeuza kichwa.

"Wewe unaongea naye," akasema mwishowe, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwagiza jirani. "Mwambie sikumtuma mtu. Mwambie haikunishinda."